Kitabu changu cha faraja kinakwenda kwenye maonesho: nijipange vipi?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu wa safu ya ushauri.

Mimi ni mama mwandishi, mkazi wa Nyegezi hapa Mwanza. Nimeandika kitabu cha Kikristo cha kuwafariji waliofiwa. Kina tafakari za siku 40, na kila siku ina andiko, maelezo mafupi na sala. Ni kurasa 160, ukubwa wa A5, na nimechapisha nakala 300 kwa shilingi 5,500 kila moja. Nimepata nafasi ya meza kwenye maonesho ya vitabu ya siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, katika uwanja wa wazi si mbali na ziwa. Ada ya meza ni shilingi 150,000 na nimelipa nusu tu. Mpaka sasa nimeuza kanisani peke yake, ambako watu wananijua.

Nina mambo manne yananisumbua. Nibebe nakala ngapi na niuze kwa bei gani? Mezani nipange nini, maana nina kitabu kimoja tu, na mume wangu ananiambia chema chajiuza, nisihangaike na mabango. La tatu, mtu akishika kitabu akaanza kulia nifanye nini, na je, naweza kumwombea pale pale hadharani? La mwisho ndilo zito. Mzee mmoja wa kanisa letu aliniuliza nitawauziaje watu faraja wakati Bwana alisema "mmepata bure, toeni bure". Sikuwa na la kumjibu, na tangu siku hiyo nalifikiria.

Mama D., Nyegezi

JIBU

Amina, mama, na hongera kwa kufikisha kazi mpaka ikawa kitabu cha kushikika.

Tuanze na jambo ambalo mengine yote yanalitegemea: anayenunua kitabu cha faraja mara nyingi siye aliyefiwa. Mfiwa yuko nyumbani, hana hamu ya kuzunguka kwenye maonesho. Mnunuzi ni dada yake, jirani yake, mwalimu mwenzake, katibu wa jumuiya, mchungaji anayekwenda msibani kesho. Ni mtu ambaye ameshaandikwa kwenye daftari la rambirambi lakini moyoni anaona bado hajasema kitu. Jalada la kitabu chako, kama majalada mengi ya aina hii, bila shaka linamsemesha mfiwa. Meza yako inatakiwa kumsemesha yule anayekwenda kumwona mfiwa. Kwa hiyo chema hakitajiuza hapa, tunamwomba radhi mzee wa nyumbani. Mpita njia akiona jina la kitabu tu atadhani hakimhusu kwa kuwa hajafiwa, naye ndiye hasa uliyekuja kumtafuta.

Andika bango moja lenye maneno machache: CHA KUMPELEKEA ALIYEFIWA. SH 10,000. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 5 au zaidi ili mtu aliye upande wa pili wa njia asome bila kusogea. Jina la kitabu na jina lako viwe chini, kwa herufi ndogo. Nunua pia bahasha za kaki zinazozidi A5 kidogo, kila nakala ipate ya kwake. Kitabu kikiwa ndani ya bahasha kinabebeka kwenda msibani bila mtu kujieleza. Bahasha hizo zimewashinda mabango makubwa ya bei mbaya katika kazi ya namna hii, kwa sababu zinamwonyesha mnunuzi namna ya kukitumia kitabu.

Sasa hesabu. Chukua ada ya meza 150,000, bajaji kwenda na kurudi kwa siku tatu 30,000, bango na bahasha 45,000, msaidizi 15,000 kwa siku yaani 45,000, chakula na maji 30,000. Jumla ni 300,000. Ukiuza kwa 10,000 kitabu kilichokugharimu 5,500, kinabaki 4,500. Gawanya 300,000 kwa 4,500, utaona kwamba mpaka nakala ya 67 bado unalipia gharama. Kwa mwandishi mgeni mwenye kitabu kimoja, nakala 67 kwa siku tatu ni nyingi. Zinaweza kuuzika, lakini usiweke fedha ya ada ya shule kwa matumaini hayo.

Kwa kuwa ada hujaimaliza, zungumza na waandaaji wiki hii kama wanaruhusu waandishi wawili kwenye meza moja. Tafuta mwenzako ambaye kitabu chake hakishindani na chako, kwa mfano cha watoto wa shule ya Jumapili au cha malezi. Ada inakuwa 75,000 kwa kila mmoja, na msaidizi hahitajiki tena kwa kuwa mnapokezana. Gharama zako zinashuka hadi 180,000, na nakala 40 zinazirudisha zote. Hizo ni 13 au 14 kwa siku, jambo linalowezekana. Mkubaliane mapema kwa maandishi kuhusu nani anakaa upande gani na fedha za kila mmoja zinakaa wapi, kila mtu na mkoba wake. Meza za ushirika huvunjika kwa sababu ya kibeti kimoja.

Tumetaja 10,000 makusudi. Ni noti moja, haidai chenji, na mtu anaamua akiwa amesimama. Ukipanga 12,000, nusu ya siku itaishia kutafuta noti za 2,000 na za 1,000 kwa jirani. Nakala mbili ziwe 18,000, na kwa hizo weka noti za 2,000 kumi mkobani kabla hujatoka nyumbani. Kanisa au kikundi kinachochukua kuanzia nakala 10 kipe kwa 8,000. Unabaki na 2,500 kwa kila moja, na hakuna meza wala bajaji ya kulipia.

Wenye maduka ya vitabu watakaopita hapo ni suala jingine. Watataka mali kauli, yaani wachukue vitabu sasa na kulipa vikishauzwa, na kwa kawaida huomba punguzo la asilimia 30 hadi 40. Kwenye 10,000, asilimia 40 inakuachia 6,000, yaani faida ya 500 kwa kitabu ambacho huenda ukalipwa baada ya miezi. Nakala 300 ni chache, ndiyo maana kila moja imechapwa kwa bei ya juu. Awamu hii uza mwenyewe na kwa makanisa. Duka likikubali asilimia 25, acha nakala 5 kwa hati iliyosainiwa yenye tarehe ya kurudi kuhesabu. Zaidi ya hapo subiri toleo la pili.

Nakala za kubeba ni 80, zilizobaki zikae nyumbani. Nyegezi si mbali na mjini, zikiisha Ijumaa utaongeza Jumamosi. Kitabu chako kina karatasi 80 za A5. Kwa karatasi ya gramu 80 kila moja ina uzito wa karibu gramu 2.5, hivyo pamoja na jalada kitabu kinakaribia gramu 220. Nakala 80 ni kilo 17 na ushee. Maboksi mazuri kuliko yote ni yale ya karatasi za A4, yanayoachwa nje ya maduka ya fotokopi. Vitabu viwili vya A5 vikilazwa kando kwa kando vinajaza upana wa boksi bila kuchezacheza. Weka 40 kwa kila boksi, mgongo wa kimoja ukiangalia kushoto na wa kinachofuata kulia, kwa sababu mgongo ni mnene kidogo, na ukivipanga vyote upande mmoja rundo linaegama na majalada yanapinda. Juu weka kanga kavu, kisha mfuko wa nailoni, kisha mfuniko.

Kabla ya kufunga maboksi kuna ukaguzi ambao waandishi wengi huuruka, halafu mnunuzi ndiye anayegundua. Chukua nakala 10 kutoka sehemu mbalimbali za mzigo. Fungua katikati, ulaze kitabu mezani, vuta ukurasa kwa upole. Ukitoka, gamu haikushika. Kisha pitia namba za kurasa. Vitabu vinavyochapwa kwa mikunjo ya kurasa 16 vikikosewa hukosewa mkunjo mzima: unarukwa, unarudiwa au unageuzwa juu chini. Hesabu kurasa kuanzia ile ya kwanza kabisa, hata isiyo na namba, na uangalie kwa makini kila baada ya 16. Ukikuta kosa, rudisha kiwandani sasa, si baada ya maonesho. Gamu hiyo pia hulainika kwenye joto kali, basi boksi lisishinde kwenye buti ya gari juani.

Kuhusu uwanja wenyewe, waulize waandaaji maswali haya kwa simu na uandike majibu: meza ina urefu gani, hema ni la nani na lina kuta, mwisho wa kuingiza mzigo asubuhi ni saa ngapi, usiku kuna mlinzi, mvua ikiharibu siku ada inakuwaje, na kipaza sauti ni cha nani. La kipaza sauti usilipuuze. Ukipangwa jirani na spika kubwa, kitabu cha faraja hakizungumziki kabisa. Omba meza iliyo mbali na spika, hata kama wapitao ni wachache. Meza ya karibu na lango huonekana ya bahati, lakini watu wakiingia bado hawajaanza kununua, na wakitoka wameshamaliza fedha. Nafasi nzuri ni katikati ya njia, kwenye kona, mahali mtu anapoweza kusimama bila kusukumwa.

Kando ya ziwa upepo una ratiba yake. Asubuhi hutulia, jua likishapanda huanza kuvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na alasiri unaweza kuwa mkali. Bango la kusimama lenye mguu mwembamba litaanguka, tena kwa kawaida huangukia vitabu. Lifunge kwenye nguzo ya hema kwa kamba juu na chini. Kila mguu wa hema ufungiwe dumu la lita 20 lililojaa maji, ambalo ni kilo 20 zisizohitaji kununuliwa. Kitambaa cha meza kibanwe kwa vibanio vya nguo, na kifike karibu na ardhi upande wa mbele ili maboksi yasionekane.

Unyevu nao una kazi yake. Jalada lenye utando wa plastiki kwa nje hunyonya unyevu upande wa ndani tu, karatasi inatanuka, plastiki haitanuki, na jalada linajikunja kuelekea nje kama jani. Wateja hudhani kitabu ni cha zamani. Dawa yake ni kusimamisha nakala 3 tu juu ya vishikizo, nyingine zilale kwenye marundo mawili ya 8 au 9, na jioni zote zirudi kwenye boksi na kitu kizito juu. Zile 3 zibadilishe kila siku. Jua nalo hufifisha rangi nyekundu na njano kwanza, basi meza ukiipanga hakikisha jua la alasiri linakuwa mgongoni mwako, si kwenye majalada. Maonesho yakiendelea baada ya magharibi, taa iwe mbali na vitabu. Wadudu wa ziwani hufuata mwanga kwa maelfu, na wakipondwa kwenye jalada jeupe hawafutiki vizuri. Turubai jepesi la mita 2 kwa 3 liwe limekunjwa chini ya meza kwa ajili ya mvua ya ghafla. Hakikisha mnajua mapema nani anashika upande gani.

Umeuliza upange nini kwa kitabu kimoja. Panga kidogo. Meza iliyojaa maua, mishumaa na picha za mawingu huogofya katika jambo la msiba. Weka marundo mawili, nakala tatu zilizosimama, bahasha, na nakala moja ya kupekuliwa iliyoandikwa wazi YA KUSOMA HAPA. Hiyo ya kupekuliwa ifungue kwenye tafakari moja uliyoichagua, ile inayosomeka kwa dakika moja na ambayo haianzi na kifo chenyewe. Kando weka vikadi vya alama ya ukurasa. Karatasi moja ya manila ya A4 hutoa vitano virefu, kwa hiyo karatasi 40 ni vikadi 200. Viandike jina la kitabu, kinamfaa nani, bei, namba ya simu na mahali kitakapopatikana baada ya maonesho. Ijumaa watakuja wanafunzi kwa makundi. Fedha hawana, lakini kikadi hufika nyumbani kwa mama.

Siku tatu hizo hazifanani. Wasabato, ambao ni wengi huku kwetu kanda ya ziwa, hawanunui kuanzia jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi. Ukitaka kuzungumza nao, ni Ijumaa mchana au Jumapili. Jumapili asubuhi uwanja utakuwa mtupu kwa kuwa Wakristo wengine wote wako ibadani. Itumie kuhesabu nakala, kula vizuri na kupumzika, maana kuanzia saa saba mchana wanakuja na familia, na hao ndio wanunuzi wako hasa. Usifunge mapema Jumapili hata kama majirani wanakunja mahema.

Sasa mazungumzo. Usikae nyuma ya meza na simu mkononi, wala usimwite mtu kwa "karibu kitabu, mama, karibu kitabu". Simama pembeni ya meza, msalimie kwa heshima yake, mwachie nafasi ya kusoma bango. Akisimama, uliza: "Kuna mtu unayetaka kumpelekea?" Swali hilo halimlazimishi kusema habari zake mwenyewe. Akitaja mtu, sema sentensi mbili tu. Ni tafakari za siku 40, kila moja ni ya dakika tano. Kinaanza polepole kwa ajili ya mtu ambaye bado hawezi kusoma sana. (Kama hakianzi hivyo, usiseme. Sema kilivyo.) Mpe mkononi, unyamaze. Watu wengi huamua wakati wa kimya hicho, na mwandishi anayeendelea kueleza humkatisha.

Akianza kulia, biashara imesimama hapo hapo. Weka kiti cha pili nyuma ya meza, kikiwa hakitazamani na njia, na chupa ya maji. Mwambie, "Pole sana, karibu ukae." Usimuulize nani amefariki wala alifariki kwa nini. Usimwambie ni mapenzi ya Mungu, usimwambie na wewe ulifiwa, usimwambie ajikaze. Mwenzako ashike meza. Akitaka kusema atasema, asipotaka ukae naye. Fedha yake usiipokee akiwa katika hali hiyo, hata akiitoa mwenyewe. Mwambie kitabu kipo, apitie baadaye au apige simu ya kwenye kikadi. Mtu anayenunua huku analia mara nyingine huja kujuta, na wewe hukuja kuchukua fedha ya mtu wakati ameshindwa kujizuia.

Maombi yanaruhusiwa, kwa utaratibu. Uliza kwanza: "Ungependa tuombe kidogo?" Akikubali, sauti iwe ya kumfikia yeye tu, dakika moja au mbili, mkono usimwekee bila yeye kukubali. Usiite wengine wajiunge. Uwanja wa maonesho ni wa watu wote, na maombi ya sauti ya juu huyageuza machozi ya mtu kuwa tamasha. Akisema hapana, mwambie asante na uendelee kumkirimu vile vile.

Watapita Waislamu pia, na wengine watakishika. Waambie mapema na kwa upole kwamba ni kitabu cha Kikristo, kimejengwa juu ya Biblia. Usifiche msalaba wa jaladani ili uuze, wala usigeuze meza kuwa uwanja wa mjadala. Huku tunazikana bila kuulizana dini, na jirani Mwislamu anaweza kukinunua kwa ajili ya rafiki yake Mkristo. Mkatoliki akiuliza kama kitabu kimepitiwa na askofu, jibu ukweli. Wachungaji watafungua ukurasa wa haki za uchapishaji kuangalia umetumia tafsiri gani ya Biblia. Kama haijaandikwa humo, ijue kwa kichwa, na kama umenukuu kwa wingi, thibitisha kwamba mwenye haki ya tafsiri hiyo amekuruhusu. Wakutubi watauliza ISBN, ile namba ya tarakimu 13 inayokitambulisha kitabu. Kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na kama huna, iombe kabla ya toleo la pili.

Kuhusu malipo, andika lipa namba yako kwa herufi kubwa pamoja na jina linalotokea mtu akilipa, kwa sababu jina lisilofanana na la kitabu humtia mteja shaka. Uwe na laini za mitandao miwili, maana uwanja ukijaa mmoja huzorota. Thibitisha ujumbe kwenye simu yako mwenyewe, kamwe usitazame wa kwenye simu ya mteja, kwani ujumbe wa kughushi ni rahisi kutengeneza. Beba kitabu cha stakabadhi, kwa sababu mweka hazina wa kanisa hawezi kulipa nakala 10 bila karatasi. Wanaokuachia namba zao za simu waandike kila mmoja kwenye kipande chake cha karatasi, si daftari moja linalosomwa na anayefuata. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya mtu aliyefiwa inastahili kulindwa hata kama sheria isingekuwepo.

Ukiombwa kusaini, pokea malipo kwanza, maana nakala iliyoandikwa jina haiuziki tena. Jina la anayepelekewa liandikwe kwanza kwenye karatasi ya pembeni, mwenyewe alithibitishe. Tumia kalamu ya kawaida ya wino mzito, kwa kuwa wino mwepesi hutia doa ukurasa wa pili. Jina la marehemu usiliandike mpaka uombwe. Maneno yawe machache: "Kwa dada Neema, Bwana awe karibu nawe", sahihi, tarehe, basi. Mnunuzi mara nyingi atataka kuongeza la kwake, mwachie nafasi na kalamu.

Tumelifikia la mzee wa kanisa. Maneno aliyoyasema yako Mathayo 10:8, na ni ya Bwana mwenyewe, kwa hiyo tusiyapunguze. Lakini mazungumzo yale yale yanaendelea, na mstari wa 10 unasema mtenda kazi astahili posho lake. Ulichopokea bure, yaani faraja, kitoe bure: kwa yule uliyemkalisha kwenye kiti, kwa yule uliyeomba naye, kwa anayesoma ile nakala ya kupekuliwa mpaka mwisho bila kununua. Hao usiwadai kitu na usiwanunie. Karatasi, wino na gamu hukuvipokea bure. Ulivilipia 5,500 kwa kila nakala, na usiporudisha fedha hiyo hakutakuwa na toleo la pili la kumfikia mtu wa Sengerema au Ukerewe. Paulo alishona mahema akiwa Korintho, kama ilivyoandikwa Matendo 18:3, na hatusomi kwamba aliyagawa. Mwambie mzee hivyo kwa unyenyekevu. Tena mpe jambo la kufanya: tenga nakala 5 kati ya 80 za kutolewa bure, na umwombe yeye achague familia 5 za wafiwa zisizo na uwezo, azipeleke mwenyewe. Gharama yake ni 27,500. Iingize kwenye hesabu tangu mwanzo, nakala za kurudisha gharama zipande kutoka 40 hadi 47 hivi, ili mkono wako usiwe mzito siku ya kutoa.

Nyongeza hizo za bure ziwe na mwisho. Wapita njia wengi wataomba "moja ya zawadi, mama mchungaji", na asiye na hesabu hutoa 15 bila kujijua. Zaidi ya zile 5, toa moja Maktaba ya Mkoa na moja kwa mtangazaji wa redio akija kukuhoji. Zote ziandike, maana hizo mbili zinaipandisha ile 47 hadi 49.

Jumapili jioni, kabla hujapanda bajaji, hesabu hapo hapo mezani: zilizobebwa, toa zilizouzwa, toa zilizotolewa, zilinganishe na zilizo kwenye boksi. Pungufu ya moja au mbili huwa ni nakala iliyosahaulika kwa jirani aliyeomba kuisoma, nenda kaiulizie kabla hajaondoka. Zilizolowa au kukunjika zitenge, uziuze baadaye kanisani kwa 6,000 huku ukisema wazi kasoro yake. Halafu Jumanne, si Jumatatu kwa sababu wachungaji wengi hupumzika Jumatatu, anza kuwapigia waliokuachia vikaratasi, ukianzia na vikundi vya akina mama na jumuiya. Muulize kila kiongozi swali moja: kwa mwaka huwa mnakwenda misiba mingapi? Akikutajia idadi, mwambie bei ya nakala 10 ni 80,000, na kwamba utazileta mwenyewe zikiwa kwenye bahasha.